Grace Hopper: Aliyeipa kompyuta mkalimani, na saa inayofichua siri

MSAFIRI atokaye mjini Kericho kwenda Nakuru huipita Chepseon upesi: maduka kando ya barabara kuu, bodaboda zikingoja abiria, na nyuma yake vilima vya majani chai hadi upeo wa macho. Asubuhi wachumaji huingia mashambani na makapu mgongoni kuchuma majani mawili na chipukizi. Baadaye hupanga foleni katika kituo cha kununulia, ambapo karani huyakagua majani, huyatia mizanini na kunakili uzani wake.

Malipo huja baadaye, na kwa wengi safari ya pesa hizo huishia katika simu ya mkononi, nyuma ya nambari nne za siri.

Si wengi katika foleni hiyo wanaolijua jina la mwanamke ambaye kazi yake iliwezesha simu hiyo kuandikiwa programu. Ni Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, aliyeaga dunia mwaka 1992 akiwa na umri wa miaka 85.

Bi Hopper aliuachia ulimwengu mambo mawili. La kwanza, aliipa kompyuta mkalimani, yaani programu inayoyachukua maandishi ya binadamu na kuyageuza kuwa lugha ya mashine. Programu ya namna hiyo huitwa kompaila. La pili, aliwafunza wanafunzi na majenerali kwamba muda, hata ule mdogo usioonekana, ni kitu chenye urefu kinachoweza kushikwa mkononi na kupimwa.

Leo mambo hayo mawili yanagombana. Mkalimani, katika bidii yake ya kuokoa muda, amepatikana akifichua siri alizokabidhiwa kuzilinda. Ili kufahamu jinsi ilivyotokea, hatuna budi kuyafuata maisha ya mama huyu tangu utotoni.

Saa saba za kengele

Alizaliwa Grace Brewster Murray mjini New York, Desemba 9, 1906, akiwa kifungua mimba wa watoto watatu. Alipokuwa na umri wa miaka saba alitaka kujua ni kitu gani huifanya saa ya kengele ilie. Akaifungua moja, vipuri vikamwagika, akashindwa kuirudisha ilivyokuwa. Akachukua ya pili ili aone ya kwanza ilivyoungwa, kisha ya tatu. Mama yake alipogundua, saa saba za nyumba hiyo zilikuwa zimekwisha kufunguliwa. Hakuchapwa. Aliruhusiwa kubaki na saa moja ya kuchezea, nyingine zikaachwa ziseme saa.

Babake alikuwa amekatwa miguu kwa sababu ya maradhi. Pengine kwa kuuona udhaifu wa maisha, alishikilia kwamba binti zake wapate elimu sawa na ya mwanawe, ili waweze kujitegemea. Huo haukuwa msimamo wa kawaida siku hizo.

Safari ya masomo haikuwa mteremko. Alipoomba nafasi katika chuo cha Vassar akiwa na miaka 16 alikataliwa, kwani alama zake za Kilatini zilikuwa duni. Alirudi mwaka uliofuata akakubaliwa, na mwaka 1928 akahitimu katika hisabati na fizikia. Chuo Kikuu cha Yale kilimpa shahada ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamifu katika hisabati mwaka 1934. Wanawake wenye shahada hiyo ya mwisho katika somo hilo walikuwa wachache mno.

Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Foster Hopper, mwalimu wa fasihi. Hawakujaliwa watoto, na ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1945, lakini jina alibaki nalo hadi kaburini. Tangu 1931 alikuwa akifundisha hisabati huko huko Vassar, na kufikia 1941 alikuwa profesa mshiriki. Angeweza kuzeekea hapo.

Vita vyamtoa darasani

Shambulio la Pearl Harbor la Desemba 1941 liliiingiza Marekani vitani na likambadilishia mwalimu huyo njia. Alitaka kuingia jeshi la wanamaji, alikokuwa ametumikia mmoja wa mababu zake. Aliambiwa umri umepita, tena mwili wake ulikuwa mwepesi mno, pungufu ya kiwango kwa takriban kilo saba. Isitoshe, wakuu waliona kwamba mwalimu wa hisabati ana manufaa zaidi darasani. Alisisitiza hadi akapewa kibali maalumu, na Desemba 1943 akala kiapo.

Katika mafunzo ya maafisa aliibuka wa kwanza. Alitarajia kupelekwa kwenye kikosi cha kuvunja misimbo ya adui, kazi iliyowavutia wanahisabati wengi. Badala yake, Julai 1944, alitumwa Chuo Kikuu cha Harvard, ambako profesa Howard Aiken alimkabidhi mashine iitwayo Mark I.

Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa takriban mita 16. Amri zake zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi, tundu kwa tundu, na kosa la tundu moja liliharibu hesabu ya siku nzima. Bi Hopper na wenzake waliifanyisha kazi usiku na mchana kwa hesabu za vita. Miongoni mwa waliofika kuitumia alikuwa John von Neumann, aliyehitaji hesabu ambazo baadaye zilijulikana kuwa za bomu la atomiki.

Aiken alimwagiza pia aandike kitabu cha kuielezea mashine hiyo. Kilipochapishwa mwaka 1946 kilikuwa na kurasa 561.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia hadi uzeeni. Septemba 9, 1947, mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walitafuta chanzo cha hitilafu wakamkuta nondo amenaswa ndani ya swichi. Walimbandika kwenye daftari la kumbukumbu, na daftari hilo limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Wengi husema Bi Hopper ndiye aliyelipa kosa la kompyuta jina la mdudu. Sivyo. Mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 19, naye hakuwa aliyemkuta nondo huyo. Yeye alikuwa msimuliaji hodari tu.

Mkalimani azaliwa

Harvard haikumpa kazi ya kudumu. Mwaka 1949 aliondoka, katika kipindi ambacho waandishi wa maisha yake wanakieleza kuwa cha giza: ndoa ilikuwa imevunjika na unywaji wa pombe ulikuwa umeanza kumtawala. Marafiki walimshika mkono. Akajiunga na kampuni changa ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC, na ambayo mwaka uliofuata ilinunuliwa na Remington Rand.

Huko ndiko alikofanya kazi iliyolikuza jina lake.

Watayarishaji wa programu wa siku hizo walikuwa na daftari za hesabu zilizokwisha kufanyiwa majaribio. Mtu alipohitaji mojawapo aliinakili kwa mkono katika programu yake mpya na kuzibadilisha nambari zake ziafikiane na mahali papya. Bi Hopper aliona kwamba watu hodari walikosea katika mambo mawili rahisi, kunakili na kujumlisha. Alijiuliza kwa nini binadamu afanye kazi hiyo ilhali mbele yake ipo mashine isiyochoka kunakili wala kujumlisha.

Mwaka 1952 alikamilisha programu aliyoiita A-0. Mtayarishaji aliandika orodha fupi ya alama, na kompyuta yenyewe ikazitafuta hesabu zinazotakiwa kutoka kwenye utepe, ikazipanga na kuziunganisha. Ukilinganisha na kompaila za leo, A-0 ilikuwa mkusanyaji zaidi ya mfasiri, lakini wazo lilikuwa limezaliwa: mashine kujiandikia lugha ya mashine.

Alipoionyesha, wengi hawakutaka kuigusa. Waliamini kompyuta hujua hesabu tu, na kwamba kuandika programu ni kazi ya watu. Hakukata tamaa. Alipendekeza wafanyabiashara waruhusiwe kuandika amri kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, akakataliwa tena. Katika onyesho moja kwa wakuu wa kampuni alithubutu kuipa programu hiyo maneno ya Kifaransa na ya Kijerumani, ili waone kwamba kwa mashine maneno yote ni alama tu. Wakuu walishtuka, hawakuweza kuvumilia kompyuta ya Philadelphia izungumze Kifaransa. Ilimbidi aahidi kwamba itatumia Kiingereza pekee.

Kutokana na jitihada hizo ilizaliwa lugha ya FLOW-MATIC. Mwaka 1959 wawakilishi wa serikali na wa kampuni mbalimbali walikutana kuunda lugha moja ya biashara ambayo kila kompyuta ingeielewa. Waliiita COBOL, na mengi ndani yake yalitoka kwenye FLOW-MATIC. Desemba 1960 programu moja ya COBOL ilitekelezwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti, RCA na Remington Rand, na majibu yakawa sawa.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kila kitu kilichofuata. Kompaila ilitoa ahadi: andika unachotaka, nami nitakupa jibu lile lile katika mashine yoyote. Ahadi hiyo ilihusu jibu. Haikutaja muda wa kulipata.

Kiu ya kasi

Upinzani dhidi ya kompaila haukuwa ukaidi mtupu. Muda wa kompyuta ulikuwa ghali mno, na mtu stadi aliweza kuandika kwa mkono amri chache zenye kasi kuliko zile zilizotolewa na mfasiri. John Backus na wenzake wa IBM walilijua hilo. Walipotoa kompaila ya FORTRAN mwaka 1957 walikuwa wametumia juhudi kubwa kuifunza mbinu za kuokoa muda, na ndiyo maana ilipokewa.

Tangu hapo uchapukaji umekuwa fahari ya kila kompaila. Katika miaka ya 1960 Frances Allen, pia wa IBM, alisaidia kuifanya mbinu hiyo kuwa elimu kamili. Kazi hiyo ilimfanya, katika tuzo ya mwaka 2006, kuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Turing. Kompaila ilijifunza kuisoma programu nzima, kuziondoa hatua zisizobadilisha jibu, kuzipanga upya nyingine na kutafuta njia za mkato. Mradi jibu ni lile lile, ilikuwa na uhuru wa kufanya ipendavyo.

Uhuru huo ndio uliozipa simu zetu kasi tunayoifurahia. Pia ndio uliofungua mlango wa mashaka.

Waya wa nanosekunde

Bi Hopper alistaafu jeshini mwishoni mwa 1966 kwa sababu ya umri. Miezi saba baadaye aliitwa tena, Agosti 1967, kwa kazi ya miezi sita. Miezi hiyo sita iligeuka kuwa miaka 19.

Kazi yenyewe ilikuwa ya usafi. Kompaila za COBOL zilikuwa zimeongezeka, kila moja ikiielewa lugha kwa namna yake, na programu iliyofanya kazi huku ilikwama kule. Akiongoza kundi la lugha za programu katika jeshi la wanamaji, alisimamia uundaji wa mitihani ya kuzikagua kompaila, ili asiyetimiza ahadi ajulikane. Kwa maneno mengine, aliyemleta mkalimani ndiye pia aliyedai mkalimani apimwe.

Mwaka 1969 chama cha wataalamu wa kompyuta kilimtunuku tuzo yake ya kwanza, iliyoitwa ya Mwanamume wa Mwaka. Jina hilo lilikuwa limechaguliwa kabla ya mshindi.

Katika miaka hiyo alisafiri kutoa mihadhara, na hapo ndipo alipowagawia watu waya. Wahandisi walimzungumzia nanosekunde, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja, naye hakuweza kuiona akilini. Akaomba akatiwe waya wenye urefu ambao umeme hauwezi kuupita ndani ya muda huo, hata ukienda kwa kasi ya mwanga. Akaletewa kipande cha takriban sentimita 30.

Tangu hapo alitembea na vipande hivyo mkobani. Jemedari alipouliza kwa nini ujumbe wa setilaiti huchelewa, alimwonyesha waya na kumweleza kwamba kati yake na setilaiti zimo nanosekunde nyingi mno. Wanafunzi aliwaonyesha pia mzingo wa waya wa takriban mita 300, ambao ni sehemu moja ya milioni ya sekunde, akiwasihi wafikirie wanachokitupa kila wanapoupoteza muda huo. Ofisini mwake alitundika saa inayozunguka kinyume, kuwakumbusha wageni kwamba mazoea si sheria.

Alistaafu kabisa Agosti 14, 1986, akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali, katika hafla iliyofanyika ndani ya meli kongwe ya USS Constitution mjini Boston. Hata hapo hakupumzika. Kampuni ya Digital Equipment ilimwajiri kuwa mshauri. Aliaga dunia usingizini Januari 1, 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington.

Karani na mtu wa nje ya ua

Miaka minne baada ya mazishi hayo, mwaka 1996, mtafiti Paul Kocher alichapisha matokeo yaliyowashtua walinzi wa siri. Alionyesha kwamba ufunguo wa siri unaweza kupatikana bila kuvunja hesabu yoyote, kwa kupima tu muda ambao kompyuta inautumia kuutumikia ufunguo huo.

Turudi Chepseon tulielewe jambo hili. Tuseme karani wa kituo ameagizwa asimwambie yeyote ubora wa majani ya kila mkulima. Anafunga mlango na kukagua ndani. Nje ya ua amesimama mtu mwenye saa ya mkononi. Haoni wala hasikii kitu. Lakini mwenye majani mazuri huingia na kutoka baada ya dakika mbili, na mwenye majani makavu na vikonyo hukaa kumi, kwa kuwa karani anachambua. Jioni mtu yule anajua mavuno ya kila boma. Hakuna aliyesema neno. Saa ndiyo iliyosema.

Nambari za siri huweza kuvuja vivyo hivyo. Programu ikilinganisha tarakimu nne moja baada ya nyingine na kukataa papo hapo inapokuta isiyolingana, basi jibu la kukataa litachelewa kidogo kila tarakimu inapopatikana. Mwizi ambaye angelazimika kujaribu nambari 10,000 atahitaji kujaribu 40 tu, kumi kwa kila nafasi. Ndiyo sababu mifumo mizuri huifunga akaunti baada ya majaribio machache, na ndiyo sababu funguo ndefu zinazolinda mawasiliano ya benki huhitaji ulinzi mkubwa zaidi.

Mwaka 2003 watafiti David Brumley na Dan Boneh walithibitisha kwamba si lazima mwizi aishike mashine. Waliupata ufunguo wa programu mashuhuri ya ulinzi, OpenSSL, kwa kupima muda wa majibu kupitia mtandao.

Kwamba siri huvuja kwa njia ya matumizi na si kwa udhaifu wa hesabu si jambo geni hata kwetu. Mwaka 1942 wavunja misimbo wa Uingereza waliohamishwa kutoka Colombo waliweka kambi Mombasa, katika shule ya Allidina Visram, wakisikiliza ujumbe wa Wajapani. Mwaka huo huo waliuvunja msimbo wa meli za kibiashara za Japani. Waliopenyeza mwanga ni watumaji wenyewe, kwa kuurudia ujumbe mmoja pasipofaa. Msimbo ulikuwa mgumu. Mwendo wa aliyeutumia ndio uliousaliti.

Nyapara mwenye bidii

Baada ya onyo la Kocher, waandishi wa programu za siri walijifunza nidhamu mpya. Karani wetu sasa anaamua kwamba kila gunia, zuri au baya, litafunguliwa na kupekuliwa hadi chini, na kila mkulima atakaa ndani dakika zile zile. Mtu wa nje ya ua hapati kitu.

Kisha anakuja nyapara mpya, mchapakazi. Anamwona karani akiendelea kulipekua gunia ambalo tayari ameamua kulikataa. Kwake huo ni upotezaji wa muda, kwani hukumu ya gunia haitabadilika. Anaamuru aache. Vitabu vya jioni vinaonyesha majibu yale yale, kazi imekwisha mapema, nyapara anasifiwa. Na mtu wa nje ya ua ameirejeshewa kazi yake.

Nyapara huyo ni kompaila. Haoni siri, huona hatua zinazorefusha njia bila kubadilisha jibu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba urefu wa njia hiyo ndio ulinzi wenyewe, kwa sababu lugha nyingi anazozitafsiri hazina neno la kumwambia hivyo.

Haya si mawazo ya kubuni. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba programu iitwayo curve25519-donna, iliyoandikwa kwa uangalifu ili itumie muda sawa, ilivuja ufunguo ilipotafsiriwa kwa kompaila ya Microsoft ya mwaka 2015. Chanzo kilikuwa hesabu ya kuzidisha iliyochukua njia ya mkato pale sehemu ya nambari ilipokuwa sufuri.

Mwaka 2024 jambo hilo lilijitokeza mahali pa hatari zaidi. Kyber ni mfumo mpya uliobuniwa kuzilinda siri dhidi ya kompyuta za kwantamu zinazotarajiwa, na Agosti mwaka huo serikali ya Marekani iliuidhinisha kuwa kiwango rasmi. Waandishi wake walihakikisha kwamba mahali pa kuchagua baina ya 0 na 1 hapana njia panda. Hesabu moja ilifanywa kwa vyovyote vile. Mtafiti Antoon Purnal aligundua kwamba kompaila iitwayo Clang, ikiamriwa kuongeza kasi, iliitambua hila hiyo na kuirudisha njia panda. Kwenye kompyuta ya kawaida ufunguo mzima uliweza kupatikana kwa takriban dakika kumi. Programu hiyo ilirekebishwa upesi, lakini somo lilibaki: mwandishi hakukosea, na kompaila haikuvunja ahadi yake.

Deni la mkalimani

Walinzi wa siri wamefanya nini? Wapo walioamua kuziandika kwa mkono, kwa lugha ya mashine, zile sehemu ndogo zinazogusa ufunguo, ili mfasiri asizipitie. Ni kinaya kikubwa. Wamerudi kwenye kazi ambayo Bi Hopper alijitahidi kuwaokoa watu nayo, na hatari ya makosa ya kunakili na kujumlisha imerudi nao.

Wengine hufanya kinachofanana zaidi na kazi ya uzee wake. Hawamwamini mkalimani kwa neno. Baada ya kila tafsiri huyafungua maandishi ya mashine na kuyakagua, kwa kutumia programu maalumu, kuona kama njia panda imejipenyeza. Nao wanawasihi waundaji wa kompaila wawape neno ambalo halimo katika lugha nyingi: neno la kusema kwamba hapa muda ni siri, usiuguse.

Mitihani aliyosimamia Bi Hopper ilipima kama jibu ni sahihi. Muda haukuwa na mtihani wake. Hatuwezi kumlaumu. Kompyuta nyingi za enzi yake zilifungiwa katika vyumba vya walinzi, na aliyetaka kuipima kwa saa alihitaji kwanza kuupita mlango. Leo kompyuta moja ya mbali huwatumikia watu wasiojuana, adui na rafiki pamoja, nayo huwajibu wote.

Heshima zimeendelea kumfuata kaburini. Meli ya kivita ya USS Hopper ilianza kazi mwaka 1997, na mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Yale kilikipa jina lake kimoja cha vyuo vyake vya bweni.

Mkulima wa Chepseon hahitaji kuyajua hayo yote ili apokee malipo yake, kama vile hahitaji kujua jinsi mizani ilivyoundwa. Anachohitaji ni kwamba yupo mtu aliyeikagua mizani hiyo, na kwamba yupo pia anayemkagua mkalimani aliyemo ndani ya simu.

Na mtoto wake akitaka kuiona nanosekunde ya Bi Hopper, haitaji waya kutoka Marekani. Katika mkoba wa shule, kando ya kalamu na daftari, imo rula ya sentimita 30. Mwanga huipita kutoka ncha hadi ncha kwa muda huo. Katika vipande vidogo kama hivyo, vikihesabiwa na mtu mwenye subira nje ya ua, ndimo siri inamopatikana.